Kidari cha Moshi Mbele ya Wakwe

Cheka tu ndugu yangu, usijizuie, maana mke wangu mwenyewe hadi leo anacheka na mimi nimeshakata tamaa ya kuheshimika ndani ya nyumba yangu. Siku ile nilijiaibisha mchana kweupe mbele ya baba mkwe, na hakuna mtu aliyenisukuma.

Wakwe walikuwa wanakuja kwangu Makumira kuona ninapoishi, halafu ndiyo watoe jibu la posa, wananipa binti yao Nembris au nikatafute kwingine. Mtu mwenye akili angechinja mbuzi, akamkabidhi mchomaji anayejua kazi yake, yakaisha. Lakini mimi (Mmeru, mtoto wa migombani, kwetu nyama tunaonana nayo Krismasi) nikaamua kuwaonyesha Waarusha, watu waliokulia kwenye ng'ombe, namna ya kupika nyama! Nilikuwa nimeangalia video tatu za Wamarekani wakiivisha kidari kizima cha ng'ombe kwa moshi, nikaenda Ngarenaro fundi akanichomelea pipa lenye mfuniko na bomba, nikajiona bingwa. Hata mwenye bucha alinionya, "Kaka, kidari hicho ni cha supu." Nikamwambia amepitwa na wakati.

Yule wa kwenye video alisema masaa kumi na mbili. Nikasema huyo labda ng'ombe wake ni wazee, nikaipa nyama yangu masaa saba, nikawasha moto alfajiri saa kumi na mbili ili saa saba mchana tuwe mezani. Saa tano nafunua, loo! Juu nyeusi kama kiatu cha shule, ukichoma kisu inatoka damu, na kuni zangu kavu za mti wa kahawa ndiyo zimekwisha. Nyuma ya nyumba kulikuwa na magogo ya mkaratusi. Nikasema kuni ni kuni, nikajaza pipa mpaka moshi ukawa mzito kiasi kwamba jirani alikuja mbio na ndoo ya maji akidhani naungua.

Wageni wakafika: baba mkwe, Nembris, na shangazi yake mwenye mdomo ambao hauna likizo. Nikainama, "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona hapa kunanukia dawa ya kifua?"

Nikacheka peke yangu. Nikawakalisha na soda mpaka saa tisa (njaa imewashika, hata salamu zimekwisha), ndipo nikaleta kidari kwenye sinia kwa mbwembwe zote. Mzee akatoa kisu chake mwenyewe, maana yule hakatiwi nyama na mtu, akakata, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Shangazi akaonja kidogo, akavuta shuka lake la mabegani akajifunika kichwa, akainamia sahani.

"Kumbe tumeitwa kujifukiza! Mwenye mafua asogee karibu."

Weee! Nembris, niliyemtegemea anitetee, alicheka mpaka akashika meza. Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza, lakini nani anyamaze, nikaanza kumweleza mzee kwamba huu ndio upishi wa kisasa, moshi unaingia taratibu mpaka ndani.

"Moshi umeingia, kijana," akasema. "Moto ndio haujafika."

Akavua koti. Akaomba jiko la mkaa na chumvi, akaikata ile nyama vipande vyembamba, akaanza kuichoma yeye mwenyewe. Fikiria! Mtu aliyekuja kunipima kama naweza kutunza mwanawe, anapika nyumbani kwangu, na mimi nimesimama pembeni namshikia sinia, najua kabisa posa imekufa na nimeiua kwa mikono yangu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nyama ikaliwa, ingawa kila kipande kilikuwa bado kinafungua pua.

Mzee alipomaliza akanawa, akafuta mikono polepole, akaniangalia.

"Nilikuja na maswali mengi juu yako. Yameisha. Binti nakupa, maana nikikuacha peke yako utakufa njaa."

Wenzangu wanapewa wake kwa sifa, mimi nimepewa kwa huruma, na nimepokea kwa mikono miwili. Ila haki ya Mungu nimeapa, wakwe wakija sishiki hata kiberiti, kazi yangu ni kuosha vyombo.