Vioo Arobaini Visivyo na Namba

Kazi yangu ni kukata nyama. Si buchani, ingawa mume wangu hupenda kuwaambia watu hivyo. Niko maabara ya hospitali. Uvimbe uliotolewa kwa mgonjwa huletwa kwangu, nami naugandisha ndani ya nta, naukata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, navibandika juu ya vioo, kisha Daktari anavitazama kwa hadubini. Miaka ishirini na sita sasa. Daktari akitazama, yeye ni mtafiti. Mimi nikikata, ni yule mama wa maabara.

Kwa hiyo tuliposikia Daktari anatunukiwa nishani kwa utafiti wake wa saratani ya matiti, nilivimba kichwa utadhani nishani ni yangu. Nyumbani nikajipiga kifua: bila mimi, Daktari angetazama nini? Wifi yangu, ambaye hajawahi kuamini neno langu hata moja, akasema, "Haya, twende wote tukasikie ukitajwa."

Nilikuwa nimejipalia makaa mwenyewe. Maana Daktari akinitaja, najua atataja nini.

Miaka tisa iliyopita niliandika namba za wagonjwa kwenye vioo kwa kalamu ya wino. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua huandikwa kwa penseli, kwa sababu vioo huoshwa kwa spiriti, na spiriti hula wino. Penseli ilikuwa imevunjika ncha, nami nikaona uvivu kuichonga. Vioo arobaini vilitoka kwenye spiriti bila namba hata moja. Nikavipanga kwa kukisia, nikaandika upya, nikanyamaza. Mwishowe nikaenda kusema. Daktari alinifokea mbele ya wenzangu, akaniita hasara ya hospitali. Tukakata na kusoma vyote upya, miezi miwili.

Siku ya sherehe, ukumbini tulikaa safu ya tatu. Daktari alishukuru wakubwa, wagonjwa, na mkewe. Kisha akasema, "Kuna mtu aliwahi kuniharibia vioo arobaini."

Watu wakacheka. Wifi akanigeukia polepole. Nilitamani ardhi inimeze, lakini sakafu ilikuwa ya marumaru.

"Alikuja mwenyewe kuniambia," Daktari akaendelea. "Angenyamaza, ningechapisha uongo, na kuna wanawake wangekatwa matiti bure. Mama, simama."

Nikasimama. Aibu ilinishika kweli, maana nilikuwa nasifiwa kwa uaminifu nisiokuwa nao wote. Na mdomo wangu hauna breki.

"Daktari," nikasema kwa sauti, "nilinyamaza siku nne kwanza."

Daktari akaweka karatasi zake chini.

"Siku nne ni chache, mama. Mimi nilikutukana mbele ya watu, na imenichukua miaka tisa kukuomba radhi. Nisamehe."

Nilitaka kujibu kwa heshima zote, ila kilio kilitangulia. Wifi ndiye aliyeanza kupiga makofi.