Kura Zilizorundikwa Kanda ya Nne

Mume akikuacha, dunia haina hata adabu ya kukupeleka mbali naye. Fundi wa cherehani aliachwa baada ya miaka ishirini na mbili ya ndoa, na bado kila asubuhi alimkuta mtalaka wake katika soko lile lile: yeye mlangoni na cherehani yake, mwanamume kwenye meza ya nyama, akinoa kisu na kuitwa Mwenyekiti wa soko.

Mlango ule ndio ulikuwa riziki ya Fundi. Macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti, na kule ndani, hata mchana kweupe, hakuweza kutunga uzi sindanoni. Basi Mwenyekiti alipotangaza kwamba uchaguzi ukipita atapanga meza upya, na mlangoni atakaa mke wake mpya na manukato yake, Fundi aliweka mkasi chini.

"Basi na mimi nagombea," akasema.

Soko lilicheka. Kisha likaacha kucheka, maana wanawake mle walikuwa karibu mara mbili ya wanaume. Asiyejua kusoma anajua kuhesabu vichwa, na Mwenyekiti pia alijua.

Kesho yake akaja na ndoo ya chokaa na ufagio.

"Kwa ajili ya utaratibu, soko sasa lina kanda nne," alisema. "Anayeshinda kanda anapata pointi moja. Mwenye pointi nyingi ndiye mwenyekiti."

Akainama, akaanza kuchora. Mstari ulianzia kwenye mizani, ukazunguka vitunguu, ukawakwepa wauza viatu, ukapanda kwenye mitumba, kisha ukarudi nyuma ghafla kumfuata bibi mmoja wa ndimu aliyekaa peke yake pembeni, ukamkokota hadi kwa wenzake.

"Baba, unachora mpaka au unatafuta shilingi iliyokudondoka?" akauliza mama wa vitunguu.

"Nyamaza, mama. Huu ni utaalamu."

Fundi aliutazama mstari, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. "Nimewahi kukata nguo nikiwa na homa," alisema, "lakini suruali ya mguu mmoja sijawahi kumkabidhi mtu."

Karibu wanawake wote walikuwa wamerundikwa Kanda ya Nne. Wachache waliobaki walinyunyizwa kwingine kama chumvi. Hata mke mpya, mwenye kijimeza nyuma ya nguzo nene, alijikuta mle mle.

"Sasa kura yangu mimi?" akamwuliza mumewe.

"Huko nimeshamwachia yule," alijibu Mwenyekiti, akikung'uta chokaa magotini. "Kura ya huko haina kazi. Mpe unayemtaka."

Siku ilipofika, kila mtu alipewa kizibo kimoja cha soda, akaingia nyuma ya pazia ambalo Fundi mwenyewe alilishona bure, wala hakuambiwa ahsante. Ndani kila kanda ilikuwa na ndoo zake mbili: nyekundu ya Mwenyekiti, ya buluu ya Fundi. Muuza viatu mmoja akahesabu mbele ya watu wote. Kanda ya kwanza, Mwenyekiti alishinda kwa vizibo vinne. Ya pili, kwa vitatu. Ya tatu, kwa vinne tena. Ilipofika Kanda ya Nne, ndoo ya buluu ilimwagwa, na vizibo vikatapakaa hadi chini ya meza za nyama.

"Tatu kwa moja!" Mwenyekiti akanyanyua mikono.

"Vizibo vyangu ni karibu mara mbili ya vyako," alisema Fundi.

"Hatuhesabu vizibo, bibi. Tunahesabu kanda."

"Hata nyumbani ilikuwa hivyo. Nikipika mimi, ukala wewe, basi nyumba nzima imeshiba."

Mwenyekiti alikwenda moja kwa moja mlangoni, akaikumbatia cherehani, akainyanyua. "Bi mdogo, lete manukato yako!"

"Hebu ngojeni," alisema muuza viatu. Alikuwa ameipindua ndoo nyekundu ya Kanda ya Nne, anaigonga kitako. "Mbona hii haina hata kimoja?"

Soko zima likageukia nguzo.

"Hukunipigia?" Mwenyekiti akauliza, cherehani kifuani.

"Ulisema kura ya huko haina kazi," alijibu mke mpya kwa upole. "Nikampa ninayemtaka."

"Na huyu unamtakia nini?"

"Namtaka abaki mlangoni. Meza yako inatazama mlango. Usiku unanihoji nilicheka na nani, na mchana tena nikae machoni pako kutwa? Mimi na nguzo yangu hatuachani."

Mshindi wa kanda tatu akabaki na chuma kizito mikononi, hajui akitue wapi. Mwishowe akakirudisha pale pale alipokitoa, goti likamlia kwa sauti.

"Isogeze kidogo, imeinama kushoto," alisema Fundi.

Akaisogeza. Wanawake wakapiga vigelegele, lakini Fundi hakucheka. Alikuwa akiitazama ile nguzo. Ilikuwepo tangu soko lijengwe, na yeye miaka yote ile alikaa pale mlangoni, akihojiwa kila usiku alicheka na nani, wala haikumjia akilini kwamba mtu anaweza kukaa nyuma ya nguzo.

Wauza nyama wakambeba mtu wao mabegani, wakamzungusha soko kwa nyimbo. Walipofika kwenye mstari wa Kanda ya Nne wakageuka, maana huko hapakuwa na hata mmoja wa kumpigia makofi.