Kuku Saba wa Arobaini ya Zuhura

Siku ile sijaisahau, mwanangu, na wala si kwa uzuri wake. Ilikuwa Kisauni, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, najiona bingwa wa kuku kwa sababu tu nilikuwa nalisha kuku wa Mzungu mmoja huko Miritini.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Mwanakombo, mjane. Binti yake Zuhura alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, baada ya mimba mbili kuharibika. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mamake mke, na nyumba hiyo ndiyo inayomlisha mzazi siku zote arobaini. Shangazi alikuwa amemwekea bintiye mitetea saba wakongwe, maana supu aliyoiamini ni ya kuku mzee.

Kuku mzee tumbo lake huchafuka upesi, na shangazi alilijua hilo. Kila asubuhi aliwakatia majani ya mzunze na mchicha, akayachanganya na pumba za mahindi na manjano kidogo. Kisha aliinama kutazama mavi yao kabla hata hajanywa chai. Mimi nilikuwa nikimcheka, Mungu anisamehe.

Kule Miritini tulikuwa na unga wa vitamini, tukiutia kwenye chakula cha kuku wachanga. Kuku wazee hawakuwepo; aliyepunguza kutaga alichinjwa. Hilo peke yake lingenitosha kujua kwamba juu ya kuku wazee sikuwa najua lolote. Lakini nilimwomba msimamizi kopo moja, nikarudi nalo nyumbani kifua mbele.

"Shangazi, majani basi," nikamwambia. "Hii ndiyo dawa ya kuku siku hizi. Watanenepa mpaka ushangae."

"Wewe ndiwe uliyesomea, babangu," akasema. Sikuwa nimesomea chochote. Kijiko tulichopimia gunia zima nilikitia kwenye karai moja, nikiona kikizidi ndiyo kheri, na majani nikayaondoa siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu kuku watatu walikuwa wanahara maji matupu. Shangazi alinifuata, kisu mkononi, nami navaa viatu vya kazini. Kwetu wanawake hawachinji kukiwa na mwanamume nyumbani, na mwanamume wa nyumba ile nilikuwa mimi.

"Kuku wanahara, babangu. Hawa wanne wangali wazima, nichinjie. Nyama nitaibanika, imngoje Zuhura."

"Dawa inawasafisha matumbo, shangazi. Sichinji kuku anayekaribia kupona."

Angeweza kumwita jirani. Hakumwita, kwa sababu aliniamini. Niliporudi alasiri wote saba walikuwa wamelala chali bandani. Kuku aliyekufa bila kuchinjwa ni nyamafu, haliwi, na shimo la kuwafukia nililichimba mimi mwenyewe huku Zuhura ananitazama kutoka dirishani, ameshika tumbo.

Alijifungua juma lililofuata, mtoto wa kike, mzima, alhamdulillahi. Siku ya pili mama mkwe wake alikuja kutoka Junda na tenga la kuku. "Tumesikia hamna," akasema, kwa upole kabisa. Shangazi alilipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Alipoingia jikoni alinikuta nachochea moto.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe," akaniambia, kisha akaanza kumenya vitunguu.

Hakulirudia neno hilo tena. Alifuga kuku miaka mingi baadaye, lakini hakuniomba tena niwalishe, wala niwachinje. Hata nikiwa nimekaa barazani, alikuwa akipita mbele yangu na kuku kwapani, akienda kuchinjiwa kwa jirani. Radhi sikumwomba. Nilijidai nangoja hasira zake zipungue, na wallahi hasira zenyewe hazikuwepo; kilichokuwepo ni kiburi changu. Nilikuja kumwomba alipokuwa ndani ya sanda, na maiti hajibu.

Leo, mwanangu, maduka yamejaa makopo, na nasikia zimo dawa za kumlinda kuku mzee asichakae upesi na kumtengeneza utumbo. Sikatai. Huenda ndiyo yale yale yaliyokuwa kwenye majani ya shangazi. Lakini kabla hujafungua kopo, inama kwanza utazame mavi ya kuku wako. Uliza dawa ni ya kuku wa umri gani na kipimo chake ni kipi. Alichokizoea usimwondolee kwa siku moja; badilisha kidogo kidogo. Na mwenye kuku akikwambia kuku wake wanaumwa, msadiki. Ukishakosea, basi omba radhi siku hiyo hiyo, mtu angali anaweza kukujibu.

Mungu akupe macho ya shangazi yangu, mwanangu, na akuepushe na ulimi niliokuwa nao mimi, mwepesi wa kufundisha, mzito wa kuomba radhi. Amin.