Video Aliyoituma Khisa

Tuseme ukweli kuhusu Khisa: alipenda sifa. Kazi yake katika maabara moja ya utafiti mjini Kitale ilikuwa kukaa mbele ya hadubini yenye nguvu na kutazama seli za saratani zikiwa hai kisahanini, zikimeza chembe za dawa ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Ni kazi ya watu wenye subira. Yeye hakuwa nayo.

Siku aliyoona seli zikivimba na kupasuka, alirekodi kioo cha kompyuta kwa simu yake, akaituma video kwenye WhatsApp ya ukoo. Akaandika: "Dawa yetu inaua saratani." Huko kwao Kimilili wakaionyeshana hadi kanisani, pasta akaiombea. Khisa akawa hashikiki.

Wiki sita baadaye mkubwa wake, Daktari Gunjan, alimwuliza swali dogo tu: seli zisizopewa dawa zilifanyaje chini ya mwanga uleule? Khisa hakuwa amezijaribu. Alikuwa ameongeza mwanga wa hadubini ili picha itoke vizuri, na mwanga mkali huunguza seli. Akarudia jaribio. Seli ambazo hazikuonja dawa yoyote zikavimba, zikapasuka vilevile.

Aibu ya kazini angeivumilia. Lakini jioni hiyo mamake alimpigia simu kumweleza, tena kwa furaha, kwamba Senge Rispah, dada ya babake, ameacha kwenda kemo, tiba yake ya saratani, kule Bungoma. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na sasa anangoja dawa ya mtoto wao. Khisa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumamosi alikwenda Kimilili. Senge alikuwa amemchinjia kuku, akamwekea na firigisi, ile anayopewa mwenye boma au mgeni wa heshima. Khisa akaisukuma kando ya sahani.

"Senge, ile dawa hatujui kama inafanya kazi. Nilikosea."

"Wacha kujishusha. Si nimeona na macho yangu? Ama wamekukataza kusema?"

Hapo Khisa akatoa simu, akamwonyesha video ya pili, aliyoirekodi aliporudia jaribio. Senge akaiangalia hadi mwisho.

"Na hizi mlizipea dawa gani?"

"Hakuna dawa, Senge. Ni taa. Niliwasha taa kali sana, ikaziua. Hata zile za kwanza nadhani ni taa."

Mkono wa Senge ulipanda kifuani wenyewe, akaushusha. Khisa aliona haya hadi masikio yakamwaka. Angepigwa kofi angeshukuru.

"Nimekosa kemo mbili," Senge akasema mwishowe. "Jumatatu tunaenda na wewe."

Jumatatu, kule Bungoma, daktari aliupapasa uvimbe, akakunja uso. Ulikuwa umekua.

"Mama, ulikuwa wapi muda huu wote?"

Senge akamwonyesha Khisa kwa kidevu. "Huyu ni mtoto wetu. Ako Kitale, anafanya utafiti ya saratani. Yeye ndio atakwambia."

Uso wa daktari ukakunjuka. Akampa Khisa mkono kama mtu wa kazi moja, akamvutia kiti karibu na chake. Khisa akakaa, akaanza kueleza, macho yake sakafuni.