Lori Lililokwenda kwa Rivasi

Mume wangu alikuwa fundi wa malori nje kidogo ya Tunduma, zama za Mwingereza. Watu walisema fundi yule anamwogopa mkewe kuliko Bwana Shauri, yule Mzungu mtawala wa wilaya. Waongo wakubwa! Alituogopa sawasawa.

Tulikuwa na lori kuukuu alilolinunua kwenye machimbo ya dhahabu ya Saza lilipokwisha kuchokwa. Siku ninayoikumbuka, difu ilikuwa imefunguliwa uani. Difu ndiyo lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalopokea nguvu ya injini na kuyagawia magurudumu. Yeye hakuwa na kitabu cha ufundi. Kitabu chake kilikuwa mkeka: kila alichofungua alikilaza pale kama kilivyokaa garini, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia. Mkeka wenyewe ulikuwa wangu, mzuri, wa ukili, na tuliugombania siku mbili.

Asubuhi hiyo binamu yangu alifika kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya mpaka, kwao mama, kwa Wanamwanga wenzetu. "Dada, mama amezidiwa," akasema. "Anakuulizia wewe tu."

Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Maili ishirini nisingeziweza kwa miguu, wala juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli. Nikamwambia mume wangu, "Baba watoto, funga difu hiyo sasa hivi."

Akaanza. Aliosha kila kigurudumu cha meno kwa mafuta ya taa, akakipaka oili, akakipachika, kisha akakizungusha kwa kidole gumba huku ameinamisha kichwa anasikiliza. Mpaka leo nikinusa mafuta ya taa namwona vilevile, na moyo unaniuma kwa kumkumbuka. Siku ile lakini nilitaka kumpiga na spana.

"Haraka haraka haina baraka, mama watoto."

"Baraka utazikuta kanisani. Wewe funga!"

Manyunyu yakaanza. Yeye alikuwa chini ya lori, basi nikauvuta mkeka peke yangu hadi barazani. Vyuma vilikuwa vizito na tumbo lilinizuia, nikaushika ncha ya upande wa pili na kuuzungusha. Cha kushoto kikawa kulia. Sikuliwaza hilo hata kidogo. Alipotoka chini ya lori aliuamini mkeka wake, akachukua, akafunga, akakaza boliti ya mwisho kabla ya saa tano.

Akawasha, akatia gia ya kwanza. Lori likarudi nyuma, likavunja banda la kuku. Akatia ya pili, likarudi kwa kasi zaidi, kuku wanapiga kelele. Mwisho akatia rivasi, na lori likaenda mbele, taratibu. Akazima injini. Gurudumu kubwa la meno lilikuwa limekaa upande usio wake, kila gia ikaenda kinyume, na kuifungua difu na kuifunga upya kungetufikisha kesho.

"Ni mimi," nikasema. "Niliugeuza mkeka."

Akautazama mkeka, akalitazama tumbo langu. "Fundi ni mimi," akajibu.

"Basi twende hivyo hivyo."

"Kwa rivasi? Maili ishirini? Tupite sokoni watu wananiona?"

"Heri nusu shari kuliko shari kamili. Panda!"

Akapanda. Injini ilinguruma kama inakwenda mbinguni, na sisi tulitembea mwendo wa ng'ombe. Kila baada ya kitambo tulisimama kuipoza kwa maji. Wanawake wenye kuni kichwani walitukuta, wakanisalimu, wakauliza habari za nyumbani, wakatupita. Tunduma sokoni watu walisimama kabisa. "Fundi, polepole ndio mwendo!" wakapiga makofi. Kila aliyeuliza lori lina nini alijibiwa neno moja: "Nimekosea kufunga difu." Fundi anasema hivyo mbele ya wateja wake! Mara tatu nilifungua kinywa nitaje kosa langu, na mara tatu alinikanyaga mguu. Nililia njia nzima, mama huku, aibu huku.

Tulifika jua likiwa bado juu ya vilima. Mama alikuwa hai. Alinitambua, akanigusa tumbo, akauliza nimeletwa na nani. Nikamwambia, na jinsi tulivyokuja, na mkeka. Akacheka mpaka akakohoa, shangazi zangu wakanikaripia.

Kwetu mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye, wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Kwa hiyo mume wangu alibaki nje kando ya lori, akijifanya anakagua matairi.

"Mwiteni," mama akasema.

Shangazi wakatazamana. Mama akarudia. Mume wangu akaingia, macho chini, mikono imejaa oili, akapiga magoti mbali, karibu na mlango. Mama akamwashiria asogee, akasogea. Mama akaushika mkono wake, mchafu vile ulivyokuwa, akasema, "Ahsante, mwanangu," na hakuuachia mpaka usingizi ulipomchukua.

Hakuamka tena. Mimi niliyemlilia maili ishirini, mkono wa mwisho alioushika mama yangu haukuwa wangu. Nilimwonea wivu mume wangu siku ile, nasema kweli, na sasa wote wawili wamelala udongoni, namwonea bado.