Kapteni wa Ziwa Lisilo na Chini

Mwaka wa 1971 nilifanywa kapteni wa mashua kwa sababu moja tu: mimi ni Mjaluo.

Sijui kuogelea. Hata leo ndoo ya kuoga ikijaa sana naiangalia vizuri kwanza.

Naitwa Oyoo. Kwetu ni Rongo, bara kabisa, mahali pa miwa, si pa wavuvi. Lakini nilikuwa fundi wa nguo soko la Nyaramba, kwa Wakisii, na cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka la mzee Onchiri. Veranda ile ndiyo ililisha mke wangu na watoto.

Sasa, msituni juu ya soko kulikuwa na ziwa dogo. Matete pande zote, mayungiyungi katikati, mbega mitini, na vyura wasiojua kunyamaza. Wamama walichota maji hapo.

Onchiri aliwahi kumpikia mzungu wa majani chai kule Kericho. Huko aliona wazungu wakiketi kando ya bwawa Jumapili, wanakula mkate na kutazama maji. Akaamua huo ndio ustaarabu.

Akaunda Klabu ya Burudani, yeye mwenyekiti. Wanachama walikuwa walimu wakuu na wakubwa wa kahawa, watu wa tai na kofia. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuzungushia ziwa seng'enge.

Mong'ina, mjane aliyeishi karibu na msitu, akauliza wamama watachota wapi. Onchiri akamjibu, kwa upole wa mtu aliyeshiba, kwamba klabu inawalinda. Ziwa hili halina chini, akasema. Ukianguka, umeenda.

Wakasimamisha kibao: HATARI, HALINA CHINI. Wamama wakaanza kuteremka hadi mtoni bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Milima ya huku mnaijua.

Kama halina chini, mbona wao wanataka kulipandia mashua? Hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza, nilikuwa na veranda ya kulinda.

Mashua ilitengenezwa na fundi wa milango, na ilifanana na mlango. Ikabaki kapteni. Onchiri akanijia.

"Oyoo, wewe ndiye utatuendesha."

"Mzee, mimi maji siyajui."

"Wacha unyenyekevu. Omogere na maji ni kitu moja."

Omogere ndiye Mjaluo kwa Kikisii. Nilimweleza habari ya Rongo na miwa mpaka mate yakakauka. Akaniambia kuna fundi mwingine anaitaka ile veranda.

Basi nikawa kapteni.

Mazoezi nilifanyia kwenye nyasi, kwa sababu mwenyekiti hakutaka rangi iharibike kabla ya wageni kuiona. Nilikaa ndani ya mashua nikipiga makasia hewani, kamati imesimama inatikisa vichwa kwa kuridhika.

Ufunguzi ukawa Jumapili, maana nusu ya kamati ni Wasabato. Kulikuwa na mgeni rasmi kutoka Kisii mjini, viti, mkate na soda. Wanakijiji walitazama wakiwa nje ya seng'enge, Mong'ina mbele kabisa na mtungi wake.

Tukapanda: mimi, Onchiri na wanakamati wawili. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemuaga mke wangu, na sikuwa natania.

Tulipofika kwenye mayungiyungi, Onchiri akasimama kumpungia mgeni rasmi. Mlango ukapinduka.

Nilizama nikimwita mama yangu. Nikangoja kwenda. Badala yake magoti yakagonga matope, na kichwa changu kikatokea juu ya maji. Nimepiga magoti, na maji yako kidevuni tu.

Wale wawili walikuwa wameng'ang'ania mashua, macho wamefumba, wanasali. Nikataka kusimama. Mkono ukanivuta shati.

Alikuwa Onchiri. Naye amepiga magoti.

"Oyoo, usisimame," akaninong'oneza. "Pigapiga maji kidogo, kisha univute kama mtu anazama. Hiyo veranda ni yako mpaka ufe."

Nikamfikiria mke wangu. Nikaifikiria cherehani. Wallahi, nilianza kupigapiga.

Halafu nikasikia kitambaa kikichanika. Mong'ina alikuwa ameruka seng'enge, gauni limeraruka, analia, anaingia majini na leso mkononi aturushie. Alikuwa anakuja kumwokoa mtu aliyemfungia maji, ndani ya ziwa aliloambiwa halina chini.

Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena. Nikasimama. Maji yakanifika tumboni.

"Mama, rudi," nikamwambia. "Hapa hakuna kuzama. Mwenyekiti, simama."

Akasimama, pole pole, tai ikidondosha matope. Kicheko kilichotoka nje ya seng'enge kiliwafukuza mbega. Mgeni rasmi alibaki na mkate mdomoni.

Kesho yake nilikuta cherehani yangu nje, kwenye mvua. Nilikaa kando yake nikalia kama mtoto.

Lakini wamama walikuwa wameshang'oa seng'enge. Kwa nguzo zilezile wakanijengea kibanda langoni kwa Mong'ina. Kile kibao cha hatari nikakifanya meza ya kukatia nguo.

Na yule fundi mwingine? Hakuwahi kuonekana. Alikuwa wa kututishia tu, kama ziwa.

Ndiyo maana mteja wangu wa kwanza pale alikuwa Onchiri, na suti iliyoharibika kwa matope. Nikampima kiuno.

Wajukuu, mtu akikuambia mahali fulani ni hatari, na yeye anapeleka mkate huko, kabla hujalia kwamba unazama, jaribu kusimama.