Bibi Harusi wa Ndani ya Friji

Fundi huyu wa viyoyozi alikuwa na mazoea yaliyowashangaza wateja. Akishamaliza kazi, akishakusanya bisibisi zake na mtungi wa gesi, haondoki. Anachukua dumu, analitega nje chini ya kile kibomba kinachodondosha maji ya kiyoyozi, anasubiri. Wapo waliodhani anapima kitu. Wapo waliomtilia shaka kwamba anakwenda kuyauza. Kumbe maji yale hayana chumvi wala dawa, na yeye alikuwa na viumbe nyumbani ambavyo ukivinywesha maji ya bomba vinakufa huku unaviangalia.

Viumbe vyenyewe ni mimea. Midogo, mingine haizidi kitufe cha koti, majani yamejaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kimebeba tone linalong'aa kama umande wa asubuhi. Lakini umande huo ni gundi. Mbu anatua akidhani amepata maji ya kunywa, ananasa, na jani linamkunja taratibu mpaka limmalize. Kwao ni kwenye vinamasi visivyo na rutuba, ndiyo maana ikajifunza kula wadudu. Ukiitilia mbolea, umeiua. Majirani wa ghorofa aliyokaa walimwita Baba Gundi, naye akaitika bila kinyongo.

Aliyemwingiza katika mambo hayo alikuwa mwalimu mstaafu, mteja wake wa zamani. Alimpa kikopo kimoja kwa sharti kwamba mmea ukizaana naye awape wengine. Fundi akatimiza. Alimgawia mfamasia wa mtaani, akamgawia dada wa saluni, na wengine wachache, mpaka wakawa kikundi chenye kundi lake la simu, wakitumiana picha za mbu walionaswa kama wengine wanavyotumiana picha za wajukuu.

Mmoja tu hakuugawa. Mwalimu alipohamia kwa mwanawe ng'ambo alimwachia mmea wa milimani, wa kwenye ukungu, ambao hakuna mwingine kikundini aliyewahi kuufikisha mbali. Ulikuwa na majani mapana, na matone yameupamba juu hadi chini kama shanga, wakaubatiza Bibi Harusi. Joto la mjini lisingeuacha hai hata kidogo. Fundi akaokota friji la vioo lililowahi kutumika kuuzia soda, akalifufua, akalilegeza baridi mpaka ndani pakawa kama alfajiri ya mlimani, akafunga taa nyeupe juu, akalisimamisha sebuleni mahali pa kabati la vyombo. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea chumba cha nyuma, alinuna kidogo kisha akazoea. Jani moja la mimea hii likilazwa mahali penye unyevu huweza kutoa watoto, kwa hiyo wenzake waliomba jani. Kila aliyeomba alijibiwa: bado, haujakomaa. Ulikuwa umekomaa zamani.

Ukweli ni kwamba alikuwa mtu wa kushuku. Kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Mteja anakuapia kiyoyozi kimeharibika chenyewe, ukikifungua unakuta mtu ameshakichokonoa kwa kisu cha mezani.

Basi mpiga picha za harusi aliingia kikundini akiletwa na dada wa saluni. Alikuwa mpole, mwenye begi kubwa la kamera na maswali yasiyoisha. Hapo ndani pana baridi kiasi gani? Taa inawaka muda gani? Anakula nini? Yeye mwenyewe hakuja na kikopo hata kimoja. Aliomba jani la Bibi Harusi, akanyimwa. Akaomba tena kwa mzaha, akanyimwa kwa mzaha. Aliporudi mara nyingine kupiga picha hakuomba kitu, alipiga zake kimya kimya, akashukuru, akaaga. Hiyo siku ambayo hakuomba ndiyo iliyomtia fundi wasiwasi. Aliuchungulia mmea akaona kama pale chini palikuwa na jani halipo. Mkewe akamwambia majani ya mimea hukauka yakadondoka, ni kawaida. Fundi hakukubali.

Haukupita muda, Bibi Harusi akaanza kuugua. Matone yakapungua. Jani moja likaota doa jeusi, la pili likafuata, na friji likaanza kutoa harufu ya kitu kilichochacha. Fundi alimwaga maji yote akateka mengine kwenye jengo jingine. Akabadilisha taa. Akalipima friji kama anavyopima la mteja mwenye maneno mengi. Hakuona kosa. Ndipo machale yakamcheza. Kabla ya kwenda kazini alibandika kipande chembamba cha karatasi kwenye ufa wa mlango wa friji, mahali ambapo mtu asiyejua asingekiona. Jioni alikikuta kimechanika. Akabandika kingine. Nacho kikachanika.

Kuanzia hapo nyumba yake mwenyewe ikawa ngeni kwake. Alimtazama mkewe akicheka na wateja akajiuliza anacheka nini. Alimtazama mama mkwe, aliyekuja kukaa nao huku paa la nyumba yake likitengenezwa. Bibi huyo hakuwa akipita mbele ya friji bila kusonya. Alishasema mezani, kila mtu akisikia, kwamba yeye hajapata kulala nyumba moja na jani linalokula nyama. Je, anamwagia chumvi? Anamwagia sabuni? Mtu hamwulizi mama mkwe swali kama hilo. Fundi akawa anakwenda kunusa makopo ya jikoni, na mkewe akimkuta anajitia anatafuta sukari.

Halafu, kwa bahati tu, mkewe akataja kwamba mpiga picha alipita mchana kuleta picha alizosafisha, akakaa kidogo sebuleni na mama wakazungumza.

Hapo fundi akaona mambo yote yamekaa sawa. Hakuuliza zaidi. Alichukua simu akaandika kwenye kundi kwamba kuna watu tunawakaribisha ndani kwa moyo mweupe, wakinyimwa kitu wanakiharibu ili tukose wote. Hakutaja mtu, na hakukuwa na haja. Mfamasia akajibu kwa alama ya mshangao peke yake. Dada wa saluni akampigia kudai ushahidi, fundi akamwambia asubiri atauona. Mpiga picha alijitoa kwenye kundi, na kwa fundi huko kujitoa kukawa ndiyo ushahidi wenyewe.

Lakini karatasi ziliendelea kuchanika.

Siku moja umeme ulikatika kwenye jengo alikokuwa akifanya kazi, akarudi nyumbani mchana. Alivua viatu mlangoni akaingia navyo mkononi, ananyata kama mwizi katika nyumba anayoilipia kodi mwenyewe. Cherehani ilikuwa ikinguruma chumba cha nyuma. Sebuleni mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya friji lililo wazi, miwani kwenye ncha ya pua, mkono mmoja ameshika kisosi cha nyama ya kusaga, mwingine kijiti cha meno.

"Kula, mama," alikuwa akimbembeleza mmea. "Kula kidogo tu. Huyu mwanamume anakushindisha njaa."

Fundi alisimama na viatu vyake. Akauliza, "Mama, unafanya nini?"

Bibi hakushtuka. Alimalizia kwanza kuipachika ile chembe ya nyama kwenye jani.

"Namlisha. Umemfungia kwenye vioo, mbu ataingilia wapi? Mimi nimelea watoto, mkwe wangu. Sura ya mwenye njaa naijua."

Alieleza bila haya kwamba mwanzoni mmea ulimchukiza kweli. Kisha siku moja alikuwa peke yake sebuleni, akautazama sana, akamwonea huruma kiumbe aliyetegesha mikono yote na hakuna kinachokuja. Akajaribu na chembe ya nyama. Jani likajikunja. Tangu hapo akawa anampa kila siku, na alipoona anadhoofu akamwongezea.

Fundi alishindwa kujua acheke au alie. Alikaa sakafuni akamweleza polepole: nyama ile ni nzito kwa jani dogo, inaoza kabla haijaliwa, na uozo unashuka hadi kwenye mzizi. Mmea huu ukikosa mdudu hufunga tu ukasubiri, haufi. Bibi alisikiliza, kijiti kingali mkononi. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Kwa nini hukuniuliza, mama?"

"Ungenikataza. Mtu akikisogelea hicho kitu unamkataza. Hata mke wako anapanguza vioo kwa kuibia."

Bibi Harusi hakupona. Fundi alikata majani yaliyooza, akaosha mizizi, akajaribu kuokoa hata kipande cha kubahatisha, lakini kilibaki kitu cheusi kama majani ya chai yaliyochujwa. Mama mkwe alikuwa akija kuchungulia, anarudi chumbani. Hakusonya tena.

Mkewe ndiye aliyemkumbusha mpiga picha. Alimwambia wazi kwamba amempaka matope mtu wa watu, na kwamba asitegemee yeye aende kumwombea msamaha. Fundi alizunguka kwa siku kadhaa akitafuta kisingizio. Mwishowe aliandika kwenye kundi kwamba amekosea na kosa lilikuwa la nyumbani kwake, akachukua kikopo cha mimea ile ya kawaida, isiyo na makuu, akakifunga kwenye mfuko akaenda studio.

Studio ilikuwa chini ya duka la kuchapisha kadi, chumba kisicho na dirisha. Mpiga picha alimkaribisha kiti kwa adabu ya baridi. Fundi akaweka mfuko mezani akafungua mdomo ili aombe radhi, na hapo masikio ya kazi yakamzuia. Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma kwa nguvu zote. Hakukuwa na mteja, hakukuwa na taa za picha zilizowashwa, na mwenye studio mwenyewe alikuwa amevaa sweta. Akatupa jicho pembeni. Nyuma ya pazia, chini kabisa, palivuja mwanga mweupe ambao aliujua.

"Nyuma ya pazia kuna nini?" aliuliza.

Mpiga picha akainuka akalivuta mwenyewe. Kwenye rafu, chini ya taa ndefu, palikuwa na bakuli la plastiki lililofunikwa nailoni, na ndani yake Bibi Harusi wadogo, wamesongamana, kila mmoja na vishanga vyake.

"Uliiba," fundi akasema.

"Nilichukua jani moja. Nililitia kwenye kibweta cha lenzi."

"Hiyo inaitwa kuiba."

"Ndiyo, inaitwa hivyo. Nilikuomba ukaninyima, na nilikuwa nauona mmea mmoja tu umebaki, uko ndani ya friji la soda. Nilikuwa nije kukuambia. Halafu ukaandika yale maneno, nikaona nikija na bakuli hili nitakuwa nimekuthibitishia."

Fundi alikuwa na hasira na alikuwa na furaha, vyote kwa wakati mmoja. Kumbe hakuwa amekosea kabisa kumshuku. Alikosea kosa lenyewe tu: mtu huyu aliiba, hakuharibu. Alijipangusa uso.

"Nilikuja kukuomba radhi," alisema.

"Basi omba," mpiga picha akajibu. "Ukimaliza nami nitaomba."

Waliombana radhi namna hiyo, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, na fundi akaondoka na chipukizi kwenye kikombe, amekikumbatia kifuani njia nzima. Kabla ya kutoka alikirekebisha kile kiyoyozi, maana kilikuwa karibu kufa kwa kulazimishwa, na ingekuwa balaa.

Mpiga picha alirudi kundini. Mama mkwe alipewa vikopo vyake vya ile mimea ya kawaida, akavipanga dirishani ambako mbu huingia wenyewe, na paa lake lilipokamilika aliondoka navyo vyote. Kule kwake, kwa maneno ya mkewe fundi, anagawa machipukizi kwa kila anayepita, hata wasioomba.

Bibi Harusi alipokomaa tena, fundi alikata majani akawagawia wote wenye mahali pa baridi. Hakulala vizuri wiki hiyo, lakini aligawa. Jani la mfamasia ndilo lililokufa mapema. Fundi alimpigia simu, akamwuliza kwa sauti laini kama alitumia maji ya bomba. Mfamasia aliapa kwamba hakutumia. Fundi akamwambia anamwamini, akamkatia jingine, kisha akampelekea mwenyewe hadi mlangoni, akaomba aonyeshwe ndoo ya maji ya kumwagilia.